Gia za Mgomvi

Juzi mchana nilikuwa nimejilaza ukumbini, hapa hapa Makorora mjini Tanga, mguu juu ya mto kwa sababu ya goti langu hili lisilo na adabu. Kijana wa bodaboda akapita chini ya dirisha, akakosa gia. Krrraa, ngwa! Basi mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikajikuta nimesimama wima, kanga nimeshaivuta kichwani, nimefika mlango wa uani kabla sijajua ninakwenda wapi. Goti lenyewe halikuuma. Lilikumbuka baadaye. Mjukuu wangu aliyekuwa akimenya viazi akaniuliza, "Bibi, unamkimbia nani?" Nikamwambia amenye viazi.

Ninyi nitawaambia. Nilikuwa namkimbia baba yangu.

Tulikuwa tunakaa Pangani, miaka ile ya hamsini, Waingereza wangalipo. Baba alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini, Mwera, Ushongo na kote huko, akichungulia mitungi ya watu isiwe na viluwiluwi vya mbu, akiwapimia mashimo ya vyoo, na akiwahubiria madirisha. Madirisha ndiyo yalikuwa ugonjwa wake. "Nyumba isiyopita hewa ni kaburi la juu ya ardhi," alikuwa akisema. Watu wakimwitikia ndiyo bwana, akigeuka wanayafunga. Kwa safari hizo alipewa pikipiki kuukuu ya Kiingereza, nyeusi, nzito kama ng'ombe. Aliisugua kila Ijumaa kabla ya sala, hata ungeweza kujipaka wanja kwa kujitazama kwenye tangi lake.

Lakini gia zake, laiti mngezisikia! Klachi ilikuwa haishiki wala haiachii inavyotakiwa. Baba alikanyaga, gia haiingii. Akikanyaga tena, inakwaruza kama mtu anayeburuta sufuria juu ya sakafu ya saruji. Mwisho inaingia kwa kishindo, pikipiki yote inaruka mbele, na Baba anaishika kofia yake isibaki nyuma. Mji mzima uliipa jina Mgomvi. Watoto walikaa barazani kuigiza mlio wake, na wazee wa kahawa wakisikia ule mkwaruzo walisema, "Haya, Bwana Afya anarudi na mkewe mdogo, wanagombana."

Mwaka ule nilivunja ungo, nikawekwa ndani. Siku hizi nikiwasimulia wasichana wanadhani natia chumvi. Sitii. Mwari wa nyumba yenye heshima alikuwa hatoki, basi. Chuoni kwa Maalim niliachishwa, kisimani nikaachishwa, hata kufagia mbele ya mlango nikaachishwa. Na dirisha la chumba changu, lililotazama njia, Baba mwenyewe alilitia komeo kwa mkono wake. Ndiyo, yule yule wa hewa. Nilikuwa nalala mle ndani na harufu ya moshi wa kuni, vitunguu na mafuta ya nazi, jasho linanitiririka, nawasikia wenzangu wakicheza nje, nikiwatambua mmoja mmoja kwa sauti. Nilihisi kama nimezikwa na watu wamesahau kunisomea hitima.

Na kulikuwa na posa. Jamaa mmoja wa Ushongo, ukoo wetu wa mbali, mwenye minazi yake, aliyefiwa na mke na kubaki na watoto wakubwa kunishinda, alikuwa ameleta barua. Baba alimjibu kwamba mimi bado mdogo, asubiri. Lakini mbele yangu na Mama alisema neno jingine, na alilisema taratibu, kama anavyosema mambo asiyoyarudia. "Mtoto huyu akikaa ndani kwa adabu, nitamngoja akue. Siku nitakayomkuta nje ya mlango wangu, siku hiyo hiyo napokea mahari." Baba hakuwa mkali wa fimbo. Alikuwa mkali wa kutimiza, na huo ndio ukali unaotisha.

Sasa nyuma ya nyumba yetu, ukivuka kichochoro, alikaa Mama Luka. Alikuwa Mbondei wa Muheza, Mkristo, mumewe karani kwenye mashamba ya mkonge, anakuja mwisho wa mwezi na kuondoka. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye cherehani ya mkono, na ile cherehani ilinila roho. Nilikuwa nikiisikia kutoka uani kwetu, trrr, trrr, inanyamaza, trrr. Siku moja alimwambia Mama juu ya ukuta, "Mlete huyo mwana nimfundishe kushona, ataoza humo." Mama hakujibu. Lakini kesho yake Baba alipokwisha vuka na pantoni kwenda ng'ambo, Mama aliniangalia, akaangalia mlango wa uani, akasema, "Mgomvi kaondoka." Hakusema nenda. Mpaka anakufa hakuwahi kusema nenda.

Kwa hiyo ndivyo tulivyoishi. Gia za Mgomvi zilikuwa saa yetu. Baba akirudi lazima apunguze mwendo kwenye mteremko wa sokoni, hapo mlio wa kwanza. Kwenye kona ya msikiti njia inabana, hapo wa pili. Mlangoni petu wa tatu. Ukisikia wa kwanza unachomoa sindano kwenye kitambaa. Ukisikia wa pili uko kichochoroni. Wa tatu unakukuta jikoni unachambua mchele, macho chini, moyo unapiga kama kinu. Mama naye alikuwa anakaa kwenye ngazi ya uani, sikio limeelekea njia, hata akisuka nywele za watu. Alikuwa msusi anayesifiwa, wanawake wakimjia kwa vichochoro wakiwa wamejifunika gubigubi.

Na hapa niwaeleze jambo moja. Kwetu, mwanamume mwenye heshima zake haingii kimya hata nyumbani mwake. Hukohoa mlangoni, ili kama kuna wake za watu uani wapate kujisitiri. Baba alikuwa ameacha kukohoa siku nyingi. Ya nini? Mgomvi alimkoholea tangu sokoni.

Kilichotuharibia ni pantoni. Siku moja Baba alikuwa anashuka gatini, watu wamejaa, akakanyaga gia ya kwanza, ikagoma, akakanyaga tena, ikaingia ghafla. Mgomvi akaruka kama mbuzi aliyeona kisu, akapita katikati ya matenga ya samaki, akamtupa Baba juu ya tenga la pweza. Kofia ilielea mtoni. Watu wa Pangani kwa kucheka hawajambo. Mji ulicheka wiki nzima, na Baba, ambaye angeweza kuvumilia njaa na malaria lakini si kuchekwa, akaipakia pikipiki kwenye lori na kuipeleka Tanga kwa fundi. Akakaa huko kwa shangazi akisubiri. Sisi tulifurahi, tukajua akirudi tutamsikia.

Mchana mmoja Mama alikuwa anamsuka Bi Zena, mke wa Maalim. Lazima niwaambie Bi Zena alikuwa nani. Alikuwa mtawa, mwanamke wa kukaa ndani, ambaye watu walisema hata jua halimjui. Akitembea kichochoroni ungedhani ni furushi la nguo limeota miguu. Siku hiyo alikuwa amekaa juu ya kigoda uani kwetu, kanga moja kifuani, mabega wazi, nywele zimefumuliwa zote zimesimama. Mimi nilikuwa kwa Mama Luka, nashona foronya, nafsi yangu imetulia kabisa.

Yaliyotokea kwetu niliambiwa na Mama, mara nyingi, na kila mara aliongeza kidogo. Fundi wa Tanga alikuwa ameifanyia Mgomvi dawa ya kweli: waya mpya wa klachi, oili mpya, sijui na nini kingine. Pikipiki ilishuka mteremko wa sokoni, ikapita kona ya msikiti, ikafika mlangoni, na gia zote zikaingia bila hata kunong'ona. Baba alikuwa na raha ya mtoto mwenye mpira mpya. Akapita ukumbini mbio, halua mkononi, akatokea uani kifua mbele, akauliza, "Mmesikia kitu?"

Bi Zena ndiye aliyejibu. Alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo.

Baba akatupa halua. Hakuweza kurudi ukumbini, kwa sababu Bi Zena alikuwa amekimbilia huko huko. Akatoka mlango wa uani. Kichochoroni nako kila ua ulikuwa umeamka, wanawake wanaitana, "Mwanamume! Kaingia mwanamume kwa Bwana Afya! Mshikeni!" Wamedhani mwizi. Mbele yake mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Akaingia kinyumenyume, akaufunga, akageuka.

Mimi nilikuwa juu ya mkeka, mkono kwenye mpini wa cherehani, kichwa wazi.

Tulitazamana. Niliiona mahari ya Ushongo imeshafika, nikawaona wale watoto wakubwa wakiniita mama. Baba naye alikuwa mweupe kama chokaa, kofia imekaa upande, na kifua chake kinapanda na kushuka.

Aliyetuokoa ni Mama Luka. Alitia komeo, akanong'ona kwa heshima ya Kibondei, kama mtu anayesema bwana, "Karibu, mgosi. Kaa hapo nyuma ya kabati, usionekane dirishani. Mwanaidi, shona."

Sikuweza. Niliuachia mpini wa cherehani.

"Wamezoea kuisikia," akasema. "Ikinyamaza watakuja kuuliza kuna nini."

Na Baba, akiwa amechuchumaa nyuma ya kabati la Mama Luka, magoti yamegusa kidevu, akasema kwa sauti ya chini sana, "Shona."

Basi nikashona. Fikirini. Kosa langu lote, lile ambalo lingenipeleka Ushongo, nililifanya mbele ya macho yake, kwa amri yake. Foronya ilikwenda mshazari kama njia ya kaa. Uzi ukakatika, sikuthubutu kusimama kuutunga, nikaendelea kuzungusha cherehani tupu, trrr, trrr. Nje wanawake walikuwa wamesimama hapo hapo ukutani, wakibishana yule mwanamume kapita wapi. Baba hakuweza kutoka. Kukutwa na Bi Zena kichwa wazi ilikuwa aibu moja. Kukutwa amejifungia nyumbani kwa mke wa mtu ambaye mumewe yuko safari, hiyo ingekuwa ya kuhama mji.

Mama Luka alikuwa amefunga dirisha. Joto likapanda. Bati lilikuwa juu ya vichwa vyetu bila dari, na chumba kikaanza kunuka pasi ya mkaa, mafuta ya cherehani na jasho la mtu mzima mwenye hofu. Baba alijipepea kwa kofia. Alikuwa anageuza kichwa kila sauti ilipobadilika nje, sikio juu, pumzi ameshika, na mimi nikamtazama nikashangaa, kwa sababu niliujua ule mgeuko wa shingo. Ndivyo Mama alivyokaa kwenye ngazi kila siku.

"Joto," akasema mwishowe.

"Ndiyo ndani kulivyo, Bwana Afya," Mama Luka akamjibu, wala hakuwa anatania.

Adhana ya alasiri ikasikika. Baba alihangaika. Macho yake yalikwenda kwenye msalaba uliokuwa ukutani, yakarudi chini. Mama Luka aliinuka, akachukua kanga yake, akaitundika juu ya msalaba taratibu, akamwekea Baba birika la maji na beseni, kisha akatugeuzia mgongo. Baba alisali kwenye ile nafasi finyu kati ya kabati na cherehani. Mimi nilizungusha mpini wangu, nikiomba Mungu asihesabu kelele.

Baadaye tukamsikia Mama kichochoroni akieleza kwamba hakuwa mwizi, alikuwa mwenye nyumba. Kukazuka kicheko ambacho, nina hakika, kilivuka mto. Bi Zena akapitishwa amefungwa kanga zote za nyumba, analia. Wanawake wakatawanyika mmoja mmoja, kwa kuchelewa, kama watu wanaotoka ngomani. Baba akasimama, magoti yakalia. Hakuniangalia.

"Tangulia," akaniambia.

Nikatangulia. Yeye alizunguka, akaja kupitia mlango wa mbele, na alikohoa tangu barazani mpaka uani, kikohozi cha mtu mwenye kifua kibovu, hata jirani akaleta chai ya tangawizi.

Jioni nilingoja hukumu. Nilikaa jikoni nimekumbatia magoti, sikula. Baba alikwenda kwa Maalim kuomba radhi, akarudi, akala wali wake, akalala. Kesho yake hakusema. Siku zikaenda hakusema. Ule ukimya ulinibana kuliko chumba. Kila mgeni aliyebisha hodi nilidhani ni wa Ushongo.

Kisha, kabla hata mwezi haujaandama, tukasikia. Krrraa, ngwa! Kwenye mteremko wa sokoni. Krrraa, ngwa! Kona ya msikiti. Mama akaacha alichokuwa anafanya. "Makubwa! Yule fundi wa Tanga kamla baba yako," akasema. Wazee wa kahawa wakarudia maneno yao ya mke mdogo. Baba akachekwa upya, safari hii kwa kudanganywa na fundi, na akanyamaza. Mlangoni alikohoa vilevile, hakusahau tena kamwe. Mimi nilimwombea dua yule fundi mwovu, nikamtakia watoto wengi. Mgomvi akiondoka navuka kichochoro, akilia sokoni narudi. Foronya zangu zilinyooka. Nikajifunza magauni, nikajifunza suruali za kiume. Yule mwenye minazi alingoja, akachoka, akaoa kwingine.

Harusi ilikuja, lakini si mwaka ule wala uliofuata. Niliolewa Ushongo huko huko, kwa kijana aliyenizidi kidogo tu, nikawa fundi wa nguo wa kijiji.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele, nikasikia mtu anakohoa. Ni Baba, katika ziara zake za mitungi. Nikampa shikamoo, nikamwangulia dafu. Nilidhani kaja kwa miguu, maana sikusikia kitu, mpaka nilipoiona Mgomvi imeegemea mnazi, inang'aa. Mama mkwe wangu akacheka. Akasema pikipiki hii bwana hata kuku haiwashtui, watu huku hugutuka tu Bwana Afya keshakwisha kuchungulia mtungi. Alisema imekuwa hivyo miaka.

Nilimsindikiza Baba mpaka njiani. Akapiga kiki, akakanyaga gia ya kwanza, ikaingia kama kijiko kwenye uji.

"Baba, umeitengeneza lini tena?"

Aliiweka kofia yake sawa. "Haijaharibika tangu nilipoitoa kwa fundi," akasema. Akatia ya pili, ya tatu, akaenda zake, nami nikabaki nimesimama njiani na ungo mkononi.

Kwa ajili ya Bi Zena na wake za watu, kikohozi kilitosha, na alikuwa anakohoa. Hakukuwa na haja ya kukwaruza chuma tangu sokoni, kwa mtu aliyeipenda pikipiki ile kuliko viatu vyake, tena akachekwa barazani kila siku iendayo kwa Mungu. Alikuwa ananipa nafasi mimi, nivuke kichochoro nifike jikoni, ili asije akanikuta nje na akalazimika kutimiza neno lake. Niliketi pale pale mchangani nikalia.

Lakini sikulia kwa shukrani peke yake, nisiwadanganye. Baba yangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya lile kabati, amelionja lile joto, ameijua ile shingo inayogeuka kwa kila sauti. Na alipotoka alichoona anaweza kunipa ni muda wa kurudi ndani. Komeo la dirisha langu lilibaki pale pale mpaka siku niliyotoka na buibui ya harusi. Nilimpenda kwa lile, nikamkasirikia kwa hili. Sasa yuko udongoni Pangani, mimi ni mzee kuliko alivyowahi kuwa yeye, na yote mawili bado ninayo.